Malhamu ya Ndugu Yangu

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii niliisikia tangu nikiwa shule ya msingi, na katika insha zangu za mtihani niliipachika kila nilipoona nafasi, kwa mbwembwe za mwanafunzi anayewinda alama. Sikuwahi kuielewa hadi mwezi wa Mei mwaka wa 2023, nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni mjini Embu, nilipotumwa kununua dawa ambayo sikujua jinsi ya kuitaja kwa lugha ninayojidai kuimudu. Nakileta kisa hiki mbele ya wakereketwa wenzangu kwa kuwa, pamoja na kuwa kisa cha ugonjwa na uponyaji, ni kisa cha Kiswahili.

Mpenzi msomaji, kinamhusu ndugu yangu. Neno hili ndugu nimelichagua makusudi. Ndugu yangu alizaliwa kwetu karibu na Nkubu, Imenti Kusini, akaandikishwa kuwa msichana, akapewa jina la nyanya yetu kama desturi ya Wameru ilivyo, akasoma shule ya bweni ya wasichana. Leo ni mwanamume mwenye ndevu na sauti nzito, nami humwita kaka. Kati ya hali hizo mbili kuna miaka mingi ya machozi ambayo si yangu kuyasimulia. Ameniruhusu nisimulie wiki chache tu, na jina lake nimeliacha.

Ilikuwa hivi. Baada ya kudungwa sindano za testosteroni kwa miaka kadhaa chini ya uangalizi wa daktari, kaka alisafiri nje ya nchi mapema mwaka huo wa 2023 akafanyiwa upasuaji wa kuondolewa mji wa mimba. Alijiwekea akiba kwa miaka minne na kuuza pikipiki yake ili apate nauli na gharama za hospitali. Aliporejea, hakuwa na pahali pa kuuguzwa ila nyumbani kwa mama, kwa maana mtu aliyetoka kwenye kisu cha aina hiyo hushauriwa asiinue mzigo mzito kwa muda wa wiki sita hivi, na chumba alichopanga Nairobi kilikuwa ghorofa ya nne, maji yakipandishwa kwa mtungi.

Mama alimpokea. Hakusema neno. Alimtandikia kitanda katika chumba cha nyuma, akawa anampelekea chakula na kukiacha mezani, kisha anatoka. Siku ya tatu alimpikia njahi, chakula ambacho kwetu hupewa mama aliyejifungua ili damu irudi mwilini. Nilipofika wikendi hiyo nikaiona sahani, moyo ulinipasuka. Nilidhani ni kijembe. Kaka alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu. "Mdogo wangu," akaniambia, "nimepoteza damu. Njahi ni njahi." Akaila yote.

Wiki ya sita alikwenda Nairobi kukaguliwa. Daktari alisema mshono wa ndani umefunga, lakini ngozi iliyouzunguka imechubuka na haitapona vyema bila msaada. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Testosteroni humpa mtu ndevu na misuli, lakini aghalabu huifanya ngozi laini ya ndani ya uke kuwa nyembamba na kavu, hali inayofanana sana na ile inayowapata akina mama baada ya kukoma hedhi. Ngozi ya namna hiyo huchubuka upesi na kutokwa damu. Dawa yake ni malhamu yenye homoni ya estrojeni, ambayo hupakwa palepale panapouma: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo mno, hivyo hakiwezi kuondoa ndevu wala kurudisha sauti nyembamba. Kaka alikuwa na hofu hiyo, nami nilikuwa nayo. Daktari aliwahi kuijibu kabla hajaulizwa, bila shaka kwa kuwa si wagonjwa wachache walioileta kwake.

Basi kaka akarudi Meru na karatasi ya dawa mfukoni. Aliingia katika duka moja la dawa mjini, foleni ikiwa ndefu, akaikabidhi karatasi. Muuzaji aliisoma, akamtazama ndevu, akaisoma tena. "Hii ni ya akina mama," akasema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mwambie mkeo aje mwenyewe, kuna maswali ya kumwuliza." Watu wawili watatu walicheka kwa wema, kama wanavyocheka mume aliyetumwa asichokijua. Kaka naye akacheka, akaichukua karatasi yake akatoka. Duka la pili hakuingia.

Alijaribu mlango mwingine. Alikwenda katika zahanati moja akaandikisha kwa kitambulisho chake, ambacho bado kilikuwa na jina la nyanya yetu. Zamu yake ilipofika, karani aliliita jina lile kwa nguvu. Hakuna aliyesimama. Akaliita tena, na mara ya tatu. Kaka alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwake, akiwa na kofia magotini, akimsikiliza karani akimtafuta mwanamke ambaye hakuwapo. Hatimaye jina likawekwa kando, akaitwa mwingine. Kaka alirudi nyumbani kwa miguu, naye alikuwa ameonywa asitembee mwendo mrefu.

Wiki tatu zikapita hivyo. Damu kidogo ikawa inamtoka kila siku. Usiku alikuwa haketi wala halali vyema. Aliponipigia simu hatimaye, hakuniambia anachokitaka. Aliniuliza habari za masomo, za chakula cha chuoni, za mvua ya Embu, kisha akanyamaza. Nikamwuliza, "Kaka, unaumwa wapi?" Akanijibu kwa Kiingereza. Sisi wawili tumelelewa kwa Kimeru, na kwa Kiswahili tumefanyiana utani tangu utotoni. Hata siku moja hatujawahi kuzungumza Kiingereza tukiwa peke yetu. Nilielewa kwamba amekwenda kuazima lugha ya wageni kwa sababu lugha zetu mbili zilikuwa zimemfungia mlango.

Siku iliyofuata, baada ya kipindi cha isimu, nilizunguka maduka ya dawa mjini Embu. Mawili hayakuwa nayo. La tatu liliahidi kuagiza kutoka Nairobi, mzigo ukaja kesho yake kwa matatu. Mwanamke aliyekuwa kaunta alikuwa mpole. Aliniuliza, kwa haki kabisa kwa kuwa dawa hii ina watu wasiofaa kuitumia bila ushauri wa daktari, kama vile mwenye historia ya saratani ya matiti au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, "Ni ya nani?"

Nikajibu, "Ni ya mama."

Uwongo ule ulinitoka bila kusitasita. Mimi ambaye nilikuwa nimeandika tasnifu ndogo kuhusu tasfida katika Kiswahili, niliyesimama mbele ya chama chetu kutetea kwamba hakuna dhana isiyosemeka kwa lugha hii, nilishindwa kusema maneno matatu: ni ya kaka. Nililipa, nikaitia dawa katika mkoba chini ya vitabu, nikatoka kama mwizi.

Kutoka Embu hadi Nkubu ni safari ya milima na makorongo. Matatu hupita Runyenjes, huvuka mto Thuci na kuingia Tharaka Nithi, hupanda hadi Chuka, kisha huteremka kwenye daraja la Nithi, ambapo abiria hunyamaza kwa kukumbuka waliopotelea pale. Katika kimya kile nilitoa karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya pakiti. Ilikuwa ya Kiingereza na maandishi yake madogo kama siafu. Nikaamua kuitafsiri ili mama, ambaye ndiye angekuwa naye nyumbani, aelewe. Nilikuwa na kalamu, daftari na saa nzima. Kwa mfasiri mwanagenzi, nini zaidi?

Sentensi ya kwanza ilinishinda. Ilihitaji neno uke. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua kuwa neno hili lina maana mbili zilizoshonwa pamoja: ni kiungo cha mwili, na pia ni hali ya kuwa mwanamke. Uume vivyo hivyo. Ningeandika kwamba dawa hii hupakwa ukeni, na papo hapo ningekuwa nimemwambia kaka kuwa yeye ni mwanamke, bila kukusudia, kwa kazi ya kiambishi tu. Nikajaribu sehemu za siri. Lakini siri gani tena, ilhali siri ndiyo iliyomtia jeraha? Nikajaribu tupu ya mbele, nikaona haya kwa niaba ya mama. Hadi tunafika Igoji daftari lilikuwa na mistari minne iliyofutwa.

Hata hivyo, katika bahasha hiyohiyo kulikuwa na nakala ya barua ya hospitali ya ng'ambo, nayo ilinifunza jambo la kinyume. Barua hiyo ilimtaja kaka kwa kiwakilishi cha kiume katika aya ya kwanza, ikateleza hadi kiwakilishi cha kike katika aya ya tatu, ikarejea kiume mwishoni. Bila shaka mwandishi wake hakuwa na nia mbaya. Lugha yake ilimlazimisha kuchagua kila mara, na kila mara ilimpa nafasi mpya ya kukosea. Nilipoihamishia katika Kiswahili, kosa lile lilitoweka. Mgonjwa alilazwa. Alifanyiwa upasuaji. Anaendelea vyema. Kiambishi a- hakimwulizi mtu alizaliwaje. Kinamkubali katika ngeli ya A-WA pamoja na wenye uhai wote, basi.

Simaanishi kwamba lugha yetu haina lawama. Kiswahili hicho hicho huoza mwanamke kwa kitenzi cha kutendewa: mume huoa, mke huolewa. Lugha inayotusitiri katika nafsi hutuanika katika mnyambuliko. Hoja yangu ni kwamba sikuwa nimeyaona haya darasani, ingawa nilikuwa nimeyajibu katika mtihani.

Nilifika nyumbani magharibi. Mama alikuwa jikoni. Niliuweka mkoba mezani nikaenda kunawa uso, na nilisahau kuufunga. Niliporudi, alikuwa ameshika ile tyubu mkononi, ameisogeza kwenye taa. Mwili ulinifa ganzi.

"Hii naijua," akasema.

"Unaijua wapi, Mama?"

"Nilipewa mwaka ule nilipolazwa."

Nilikumbuka mwaka ule. Ulikuwa 2016. Sisi watoto tuliambiwa kwamba mama anaumwa na tumbo. Aliondoka kwa majuma mawili, akarejea akitembea polepole, na habari ikaishia hapo. Sasa, akiwa amenipa mgongo na kukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa, aliniambia kwamba kizazi kilikuwa kimeshuka, kwamba alikaa na hali hiyo miaka sita kabla ya kumwambia yeyote, kwamba alikuwa akiokota majani chai huku amejifunga kitambaa, na kwamba baada ya upasuaji daktari alimwandikia malhamu kama hii kwa sababu ngozi ilikuwa imekauka kwa umri.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamwuliza.

"Ningewaambia kwa maneno gani?"

Sikuwa na jibu. Nilitamani kumwambia kwamba nami nimetoka kumwambia mwuza dawa kuwa dawa ni yake, na kwamba uwongo wangu umekuwa kweli nusu kabla haujapoa. Nilinyamaza. Mama alipakua uji, akachukua bakuli kwa mkono mmoja na dawa kwa mkono mwingine, akaelekea chumba cha nyuma. Safari hii hakuliacha bakuli mezani. Nilimsikia akivuta kigoda.

"Mwana, umelala?"

Kwa Kimeru kama kwa Kiswahili, mwana ni mtoto wa mtu, awe wa kike au wa kiume. Tangu kaka aanze kuota ndevu, mama alikuwa amekwepa kumwita kwa neno lolote. Jina la zamani halikumtoka, jipya halikumwingia, na kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akimsemesha kama mtu anayezungumza na ukuta. Usiku ule alipata neno. Halikuwa jipya, alikuwa nalo tangu siku alipomzaa.

Nilisimama kwenye ujia nikasikiliza, na sioni haya kukiri. Mama hakuhutubu wala hakulia. Alimfundisha. Ipake usiku ukishajilaza, si mchana, maana ukitembea itatoka yote. Kile kijibomba cha plastiki kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukikaushe. Usitumie sabuni ya manukato huko. Siku za kwanza huenda ikawasha kidogo. Ikizidi, au damu ikiongezeka, tunarudi kwa daktari, na nitakwenda nawe. Kaka aliitikia kila neno: sawa Mama, nimesikia Mama. Kisha pakawa na kimya, na baada ya kimya mama akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo:

"Hali yako sijui niiite nini. Dawa hii naijua."

Baadaye usiku nilimwomba anisaidie kumaliza tafsiri yangu. Alivaa miwani, akapitia mistari niliyoifuta, akacheka kwa mara ya kwanza katika siku nyingi. Kwa nini unahangaika na jina la mahali, akaniuliza, mgonjwa hajui anapoumwa? Andika kidonda. Andika ndani ya kidonda na pembeni mwake. Tukaandika hivyo, ukurasa mmoja wa daftari kwa herufi kubwa: dawa hii ni ya kulainisha na kuponya, pima kipimo hiki, paka usiku, usitumie bila kumwona daktari ikiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, rudi hospitalini ukiona hili au lile. Haikuwa tafsiri ambayo mhadhiri wangu angeipa alama ya juu. Kila aliyeisoma aliielewa.

Kaka alipata nafuu. Damu ilikoma katika wiki ya pili, na mwezi wa Julai alirudi kazini. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, nami sidai kuwa mambo yetu yamekwisha. Mama hajamwita kijana wangu hadi leo. Kanisani akiulizwa habari za watoto wake, hujibu kuwa wote wazima, akabadilisha mazungumzo. Kitambulisho cha kaka bado kinamkana, ingawa anafuatilia. Anajua kuwa njia imewahi kupitika: mnamo Oktoba 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Taifa la Mitihani lirekebishe jina katika cheti cha KCSE cha Audrey Mbugua na kuiondoa alama ya jinsia. Na katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ilihesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524. Kaka si huntha, na ni vyema tusichanganye mambo: huntha huzaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume, ilhali watu kama kaka hujitambua tofauti na walivyoandikishwa. Lakini sensa ile ilimpa faraja, kwa kuwa serikali ilikuwa imekubali kuwa karatasi zake zilikuwa na visanduku pungufu.

Ninaileta insha hii kwenu kwa ombi moja. Tumezoea kukutana katika makongamano na kujisifu kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi yote, kisha tunaunda istilahi zinazokaa kwenye orodha na kulala humo. Mimi nilikuwa na istilahi. Homoni nilikuwa nayo, estrojeni nilikuwa nayo, hata malhamu, neno zuri la kale ambalo muuza dawa wa Embu hakulielewa hadi niliposema krimu. Nilichokosa ni namna ya kumwambia mtu mmoja, mlangoni pake, jambo linalohusu mwili wake bila kumvua nguo mbele za watu. Mama alikuwa nayo. Aliipata kwa miaka sita ya kuificha aibu ambayo haikuwa aibu.

Wapo wanawake wengi walioko kama mama alivyokuwa, na wapo vijana kama kaka, wachache zaidi na waliojificha zaidi. Wote wawili husimama mbele ya kaunta ileile wakiwa na karatasi ileile. Tukiandika maelezo ya dawa, tuwakae karibu kwanza tuwasikilize. Kabla ya kuchapisha, tumsomee mtu anayeumwa tuone kama uso wake utakunjuka.

Nilipokwenda nyumbani Desemba iliyofuata, ule ukurasa wa daftari haukuwapo ukutani nilipoubandika. Nilimwuliza mama. Akaniambia aliuazima jirani yetu mmoja, mama mwenzake wa chama cha akiba, akaunakili, naye akampa mwingine. Hajui uko kwa nani sasa.

"Uandike tena," akaniambia, akinisogezea kalamu. "Safari hii uache nafasi kubwa chini. Kila mmoja ana la kuongeza."